Mbegu ya maharage isiyoliwa na wadudu: linganisha mdudu kwanza, halafu ndo mbegu

Kila msimu ukikaribia swali ni lile lile kwenye magrupu ya wakulima, "jamani naombeni mbegu ya maharage isiyoshambuliwa na wadudu", na majibu yanamiminika, huyu anasema chukua Jesca, yule anasema Lyamungu 90 ndo kila kitu, mwingine anakwambia achana na za dukani panda za kienyeji babu zetu walipanda na hawakuwahi kununua dawa. Wote wanajibu kwa nia njema kabisa ila hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenzake, mdudu yupi? Maana inzi wa maharage anaua mche wako ukiwa haujafikisha hata mwezi, na fukusi anakuja kutoboa punje ukiwa umeshavuna umeshapeta umeshaweka stoo, hawa hawana undugu wowote, na mbegu inayomvumilia wa kwanza inaweza ikawa ndo karamu ya wa pili.

Kwa hiyo nitalinganisha hivi: mdudu kwa mdudu, na ndani ya kila mdudu naziweka aina zinazopatikana huku kwetu Tanzania kwa upana wake, halafu nasema ningechukua ipi na kwa nini. Wa Kenya na Uganda nao wamo kidogo, wadudu wenyewe hawana pasipoti.

Kwanza neno "sugu" la kwenye pakiti

Ukiingia duka la pembejeo ukaomba mbegu sugu muuzaji atakupa pakiti na hajakudanganya, lakini muulize, sugu kwa nini? Mbegu nyingi zilizotolewa na watafiti wetu, za kaskazini (Lyamungu 85, Lyamungu 90, Selian 97, Jesca), za Uyole kule Mbeya, na za SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro (SUA 90, Rojo, Mshindi, Pesa), zilichaguliwa kwa mavuno, rangi inayouzika, kuiva haraka jikoni, na usugu wa MAGONJWA, yaani kutu, chule, madoa pembe na batobato. Hiyo ni faida kubwa na nisieleweke vibaya, chule ikiingia shambani wakati wa mvua na baridi unaweza kukosa hata mbegu ya kurudisha. Lakini mtu anasoma "sugu" anadhani mpaka fukusi wataipita, anaweka gunia kwenye kona, mwezi wa pili anakuta unga. Ugonjwa ni ugonjwa na mdudu ni mdudu, ukitaka usugu wa mdudu uliza kwa jina la mdudu.

Inzi wa maharage: hapa mbegu inasaidia, ila inasaidia nusu

Huyu ni inzi mdogo sana mweusi anayeng'aa, wengi hawajawahi hata kumwona, wanaona tu miche inanyauka moja moja wanadhani ni jua. Jike anataga kwenye majani ya kwanza au kwenye shina changa, funza anatembea ndani kwa ndani akishuka mpaka usawa wa udongo, anakula chini ya ganda la shina. Ukitaka uhakika ng'oa mche wenye majani ya njano uliodumaa, angalia pale shina lilipogusa udongo, utaona limevimba na kupasuka kwa urefu, sasa pasua kwa kucha taratibu, utakuta vidude vimelala mle kama punje ndogo za ulezi, hao ni funza waliojifunga wakisubiri kutoka wakiwa inzi. Zikiwa za kahawia mara nyingi ni Ophiomyia phaseoli, ambaye ndiye wa maeneo ya joto, zikiwa nyeusi zinang'aa ni Ophiomyia spencerella, huyo ndo bwana wa nyanda za juu penye ubaridi. Anaua zaidi palipopandwa kwa kuchelewa, kwenye udongo uliochoka, na ikitokea jua la wiki mbili baada ya kuota.

Usugu wa kumkabili upo kwa namna mbili. Kuna mimea ambayo funza hawastawi vizuri ndani yake, na kuna mimea ambayo funza wanaingia kama kawaida ila yenyewe inatoa mizizi mipya juu ya pale palipoliwa, inaendelea kunywa maji na kuishi. Hii ya pili ndo tunayoiona zaidi mashambani. Watafiti wamepata vyanzo vizuri vya usugu huu, kuna zenye namba za watafiti G 22501 na ZPV 292, na Ikinimba ambayo ni maharage meusi yaliyolimwa Rwanda, na Ethiopia wao wamefika mbali zaidi kwa sababu walitoa aina kama Beshbesh na Melke wakimlenga inzi huyu huyu. Ukiangalia orodha ya hivi vyanzo unaona kitu, vingi ni vya punje ndogo, na soko letu linapenda punje kubwa yenye michirizi myekundu au ya njano. Hapo ndo pagumu, usugu uko upande mmoja na mnunuzi yuko upande mwingine.

Sasa kwa zilizopo dukani. Ukiziweka SUA 90 na Lyamungu 90 pembeni kwa pembeni, zote zilitolewa 1990, SUA 90 ina punje ya wastani kuelekea ndogo, rangi ya kaki, na Lyamungu 90 ina punje kubwa ya michirizi, ndo ile wengi wanaiita rozikoko. Shamba lililochoka, mvua za kubahatisha, SUA 90 inajishikilia vizuri zaidi na hiyo ndo ningeipanda kwa chakula cha nyumbani. Lyamungu 90 inataka utunzaji lakini gunia lake halikai sokoni, madalali wanalijua hata usiku. Kama shamba lako lina rutuba na unapanda mvua zikianza tu, panda Lyamungu 90 bila hofu, inzi atakula michache na utafidia kwa bei.

Kenya kule magharibi kuna KK 8 na KK 15 za KALRO Kakamega (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya), hizi zilichaguliwa kwa kuvumilia kuoza mizizi. Nazitaja hapa kwa sababu inzi na kuoza mizizi mara nyingi vinaua pamoja, funza anafungua kidonda na vimelea vya udongo vinaingilia hapo hapo, mkulima anaona mche umekufa hajui alaumu nani. Ila soma tena neno lile lile, ni kuvumilia kuoza mizizi, usinunue ukidhani umemaliza na inzi.

Kitu kimoja kinachozidi tofauti ya mbegu na mbegu: kupandishia udongo kwenye shina wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota. Ule udongo unafunika pale juu ya kidonda na mche unatoa mizizi mipya humo humo. Mbegu iliyopandishiwa udongo mapema mara nyingi inaishinda mbegu "sugu" iliyoachwa wazi, na hii haina gharama zaidi ya mgongo wako maana palizi utapiga tu. Ukiongeza dawa ya kuvisha mbegu kabla ya kupanda basi zile wiki tatu za hatari umezipita (na mbegu iliyovishwa dawa hailiwi, hailiwi hata ikibaki kikombe kimoja, wala kuku wasipewe).

Mbawakavu wa majani na vidukari, hapa usihangaike na mbegu

Mbawakavu wa majani, Ootheca, wale wanaotoboa majani matundu matundu mvua za masika zikianza, mbegu haikusaidii sana. Funza wake wanakaa udongoni wanakula mizizi na vinundu vya maharage, wakubwa wanalala humo humo ardhini mpaka mvua ijayo, kwa hiyo ukirudia maharage juu ya maharage unawafugia. Zungusha zao, lima mara baada ya kuvuna ili jua liwapate, basi. Ukimsikia mtu anakuuzia mbegu "haitobolewi majani" muulize aliipanda shamba gani na mwaka uliotangulia pale palikuwa na nini.

Vidukari ni habari nyingine kidogo, wenyewe wananyonya lakini kibaya zaidi ni kirusi cha batobato wanachokisambaza, na hapo usugu wa ugonjwa wa kwenye pakiti una maana kubwa kweli kweli. Mbegu inayohimili batobato imekupunguzia hasara ya vidukari hata kama vidukari wenyewe wanatua kama kawaida.

Fukusi wa ghalani: hapa ndo pana mambo

Nikae hapa kidogo kwa sababu hasara ya shambani mtu anaiona, ya stoo unaikuta imeshaisha.

Fukusi wa maharage wako wawili. Acanthoscelides obtectus anapenda kwenye ubaridi kidogo, Mbozi, Karatu, Lushoto, Kilimanjaro juu, na huyu anaanza kazi shambani, anaingia kwenye maganda yaliyokauka yakiwa bado kwenye mti, anaacha mayai huru katikati ya punje, hayajabandikwa popote. Zabrotes subfasciatus anapenda joto, tambarare, na yeye anabandika yai juu ya ngozi ya punje, ukiangalia vizuri utaona vidoa vyeupe vimeganda. Wote asili yao ni bara la Amerika kama maharage yenyewe, walikuja na mzigo. Funza anaingia ndani ya punje, anakula mpaka anakaribia kukomaa, anatengeneza kijidirisha cha mviringo chini ya ngozi, ukiona punje ina duara lenye kivuli ujue mle ndani yumo mtu na anakaribia kutoka. Kwenye joto, kutoka yai mpaka fukusi mwenye mabawa ni kama mwezi hivi au unazidi kidogo, na jike mmoja anaweza kutaga mayai arobaini, hamsini, hesabu mwenyewe vizazi viwili vitatu.

Swali sasa, kuna mbegu anayoshindwa kuila? Ndiyo ipo, na hii siyo hadithi.

Miaka ya 1980 watafiti wa CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha tropiki kule Colombia, walikuta maharage pori kutoka Mexico ambayo fukusi wakiwekwa humo wanakufa wakiwa bado funza. Ndani ya punje kuna protini inaitwa aselini, funza anaila haimeng'enyeki na inamharibu utumbo. Wakaihamisha kwa kuzalisha kawaida, jike na dume, hakuna maabara ya kubadili vinasaba, wakapata mistari (yaani koo za mbegu zilizozalishwa na watafiti) inayoitwa RAZ, na jina lenyewe linakuambia kazi yake kwani ilizalishwa kwa usugu wa Zabrotes. Dhidi ya Zabrotes RAZ ni nzuri ajabu. Dhidi ya Acanthoscelides, yule wa milimani, nguvu inapungua sana. Kwa hiyo hata aselini yenyewe ambayo ndo usugu bora tulio nao, mtu wa Morogoro bondeni na mtu wa Mbozi hawapati faida sawa. Ndo maana nang'ang'ania kuuliza mdudu kwanza.

Kwa yule wa milimani suluhisho lilitokea kwa ndugu wa maharage, tepari, jamii inayozoea jangwa. Tepari pori mmoja, G40199, ana kundi la protini za ulinzi zinazomzuia Acanthoscelides, na Paul Kusolwa wa SUA akishirikiana na James Myers wa Oregon State University walifanya kazi ya kuziingiza kwenye maharage ya kawaida, matokeo yao yalichapishwa 2011, na mbegu waliyoitumia kama mlengwa huku kwetu ni Rojo, ile nyekundu ya SUA iliyotolewa 1997. Mimi naipenda hii kazi kuliko nyingi zinazopigiwa debe kwa sababu imeanzia kwenye mbegu ambayo mkulima wa Tanzania anaijua na mnunuzi anaipokea, badala ya kutuletea punje ndogo nyeusi halafu tuambiwe tubadilishe mapishi.

Lakini sikiliza vizuri hapa, maana watu wanapigwa: Rojo ya kawaida ya dukani HAINA usugu wa fukusi. Mistari yenye usugu ni uzao wa Rojo, ina namba zake, na ukiitaka unawauliza SUA wenyewe au afisa ugani wako kama kuna vikundi vinavyopewa mbegu ya majaribio. Mtu akikuuzia Rojo akakwambia "hii fukusi hawagusi" akuonyeshe lebo ya TOSCI, ile taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na jina kamili la mbegu, kama kwenye lebo pameandikwa Rojo tu basi ni Rojo tu, nzuri jikoni, nzuri sokoni, na fukusi nao wanaikubali.

Na wale wenye wasiwasi wa kula protini inayoua wadudu, aselini na jamaa zake ni ndugu wa zile lektini ambazo zipo kwenye maharage yote unayokula tangu utoto, ndo maana maharage mabichi au yaliyochemka nusu yanaumiza tumbo, na kuyachemsha vizuri mpaka yaive kunazimaliza nguvu. Chemsha kama unavyochemsha siku zote.

Zilizopo dukani zikikutana na fukusi

Kwa kuwa hakuna kati ya hizi yenye aselini, tofauti zinabaki kwenye vitu vidogo ila vinahesabika.

Ukubwa wa punje. Punje kubwa kama ya Lyamungu 90, Selian 97 au Jesca inaweza kulea funza wengi ndani ya punje moja, unakuta matundu kama ya kichujio cha chai, wakati punje ndogo chakula kinaisha haraka. Hii haina maana punje ndogo haitobolewi, inatobolewa, ila kwenye gunia la Lyamungu 90 lililosahaulika unga unajaa kwa kasi ya kutisha.

Kuiva kwa pamoja. Hii watu hawaihesabu kabisa na mimi naiweka juu ya ukubwa wa punje. Kwa kuwa Acanthoscelides anaanzia kwenye maganda yaliyokauka shambani, mbegu fupi ya kichaka inayoiva yote kwa mara moja, kama Selian 97 au Lyamungu 90, unaing'oa siku moja na kupiga haraka, na ile ya kutambaa au ya kupanda miti inaiva kwa awamu, maganda ya chini yamekauka wiki mbili na ya juu bado kijani, unasubiri, na wakati unasubiri fukusi wanataga. Kwa hiyo kama unalima maharage ya kupanda miti, mavuno yake ni makubwa sikatai, chuma kwa awamu, usisubiri mti wote.

Kuwahi. Wanja ya Uyole ni ya muda mfupi, Kenya kuna KAT B1 kwa maeneo makavu ya Ukambani, inakomaa kama siku 60 na kitu. Mbegu inayowahi inakwepa ukame wa mwisho na unaitoa shambani mapema kabla fukusi hawajajazana. Tatizo la kuwahi ni kwamba inaweza kuiva mvua ikiwa bado inanyesha, kama huna turubai na pa kukaushia basi faida yote inaondoka na ukungu.

Kablanketi na soya njano. Nimeziweka pamoja kwa sababu ndizo watu wanazopenda kula, zinaiva upesi, mchuzi mzito, na bei yake inasimama. Kablanketi ya nyanda za juu kusini wengi wanajiwekea mbegu wenyewe mwaka hadi mwaka. Kwa fukusi hazina kinga yoyote ya maana, na kwa ile ya kujiwekea kuna hatari ya ziada: mayai na funza wanasafiri ndani ya mbegu yako mwenyewe, punje iliyotobolewa ikipandwa inaota dhaifu au haioti. Kama ni kablanketi basi kila mwaka chambua mbegu kwenye mwanga wa jua punje kwa punje, yenye kijidirisha inatupwa, au nunua mbegu ya daraja la kuazimiwa ubora kutoka kwa mzalishaji wa kijijini anayekaguliwa, ni nafuu kuliko mbegu iliyothibitishwa na unamjua anakokaa.

Kwa hiyo ningechukua ipi

Unauza mara tu ukivuna, huweki kitu stoo: sahau habari ya fukusi, angalia inzi wa maharage na bei. Kaskazini ningechukua Lyamungu 90 au Jesca penye rutuba, Selian 97 kama mnunuzi wako anataka nyekundu kubwa. Mbeya na Songwe sokoni ni njano na kablanketi, usibishane na soko.

Unalima kwa kula mpaka msimu ujao, shamba limechoka, mvua hazieleweki: SUA 90, pandishia udongo, na hela ya tofauti ya mbegu nunulia mfuko wa kuhifadhia.

Uko bondeni kwenye joto na unaweka muda mrefu: wewe ndo unayefaidika zaidi na mistari ya aselini siku ukiipata, kwa sababu mdudu wako ni Zabrotes. Mpaka hapo, mfuko.

Na mfuko wenyewe ndo huu, wa tabaka tatu, mifuko inayoitwa PICS na mingine ya aina hiyo, nailoni mbili ndani na kiroba nje. Wazo lake lilianzia kwenye kunde huko Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980 chini ya watafiti wa Purdue University, na linafanya kazi kwa sababu rahisi tu, unafunga kila tabaka peke yake kwa kamba, fukusi wanavuta hewa iliyomo mpaka inaisha, wanaacha kula, wanaacha kutaga, wanakufa. Hauchagui mbegu, wala haujali fukusi ni yupi. Ndo maana nikilinganisha mbegu yoyote ya dukani ndani ya kiroba cha kawaida na mbegu yoyote ndani ya mfuko wa tabaka tatu, mfuko unashinda kwa mbali na sioni hata sababu ya kubishania hapo. Masharti yake mawili tu, maharage yawe makavu kweli na usiufungue fungue wiki za mwanzo. Ukavu upime kwa chumvi: chukua chupa kavu ya kioo, weka chumvi kavu kiasi na maharage, tikisa, acha dakika kumi na tano hivi, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa bado yana maji, rudisha juani.

Asiye na hela ya mfuko na ana kiasi kidogo, debe moja au mbili za kula, kuna njia ya kuyabiringisha. Funza mchanga wa Acanthoscelides anahitaji takribani siku nzima kutoboa ngozi ya punje, na anatoboa akiwa amejiegemeza kwenye punje ya jirani, sasa ukiweka maharage kwenye dumu lisilojaa ukalibiringisha asubuhi na jioni kila punje inahama, anaanza upya, anachoka, anakufa njaa nje ya punje. Hii ilipimwa Michigan State University na ikachapishwa 1991, na inafanya kazi kwa sababu ile ile ya mayai yake kuwa huru. Kwa Zabrotes haifai kwani yeye yai limebandikwa kwenye punje na anaingia akiwa hapo hapo.

Kunde, kwa ufupi

Wengi mnachanganya maharage na kunde kwenye swali moja. Mdudu wa kunde ghalani ni mwingine, Callosobruchus, na usugu wake ulitafutwa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki iliyoko Ibadan, Nigeria, ambako walipata kunde moja, TVu 2027, inayochelewesha funza na kupunguza wanaotoka. Inapunguza kasi, haizuii kabisa. Na ile kunde ya Nigeria inayosemwa sana, SAMPEA 20-T iliyoruhusiwa 2019, yenyewe ni ya vinasaba vilivyobadilishwa na inamkabili funza wa maua na maganda, Maruca, shambani. Ghalani fukusi anaila kama kunde nyingine. Mbegu moja, mdudu mmoja.

Jipimie mwenyewe kabla hujaamini mtu

Kama una aina tatu nne mkononi na unataka kujua ipi inakaa, usingoje mtafiti. Tafuta chupa za plastiki zinazofanana, kila aina hesabu punje mia moja nzima zisizo na tundu wala kijidirisha, zisiwe zimepigwa dawa. Kwanza zianike siku mbili ndani ya nailoni nyeusi iliyofunikwa na nailoni nyeupe inayoonyesha ndani kwenye jua kali ili kama kuna funza ndani afe, za kupima tu, mbegu utakayopanda usiipashe hivyo bila kujaribu uotaji wake. Kila chupa weka fukusi hai kumi waliotoka kwenye maharage yako mwenyewe, hao ndo wa kwenu, siyo wa kwenye picha. Funga mdomo kwa kitambaa chepesi, andika jina la mbegu na tarehe, weka sehemu moja yenye kivuli panya wasipofika.

Baada ya wiki mbili toa wale fukusi wakubwa, watakuwa wameshataga na wengi wameshakufa. Halafu subiri. Fukusi wapya wakianza kutoka, kwenye joto ni wiki ya tano ya sita, kwenye baridi inasogea mpaka ya nane na zaidi, hesabu kila wiki wangapi wametoka kila chupa na uwatoe. Usiangalie tu idadi, angalia na chupa ipi imechelewa kuanza, maana mbegu yenye usugu wa kweli inaonekana kwa vyote viwili, wanatoka wachache na wanachelewa, na hata wanaotoka ni vijidogo. Mwisho mwaga kila chupa kwenye sinia, tenga zilizotobolewa na ambazo hazijatobolewa, na zile nzima zipande kwenye kopo uone zinaota ngapi.

Chupa zikikaribiana, tofauti ya punje tano sita, chukulia ziko sawa na uchague kwa bei na kwa mapishi. Ikitokea moja imeachana na wenzake kabisa, irudie mara ya pili na fukusi wapya, na ikirudia vile vile mpigie afisa ugani au peleka punje zake kwenye vituo vya TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania) vya Selian au Uyole, au SUA, kwa sababu huenda una mbegu ya kienyeji yenye kitu ambacho wanakitafuta.